Kwa shujaa huenda kilio, sasa kwenye ubingwa kilio kiko wapi?

Mtu akipiga penalti ya mwisho ikaingia, kabla hata hajafika kwenye kibendera cha kona kushangilia mtangazaji ashamwita shujaa. Shujaa wa usiku huu, shujaa wa taifa, shujaa aliyetutoa kimasomaso. Kesho yake magazeti yanaandika hivyohivyo, mitandaoni kila mtu anaposti picha yake na neno hilohilo, na ukijaribu kuuliza jamani huyu kafanya nini cha kishujaa, kapiga mpira ukaingia golini, kazi anayolipwa kuifanya na anayoifanyia mazoezi kila siku, unaonekana una roho ya korosho. Mimi michezo naipenda sana, nakesha kuangalia riadha, fainali ya mita 1500 inaweza kunitoa machozi, na kwa sababu naipenda hivyo ndo maana hili neno linavyotumika linaniuma.

Nianze na lugha yetu maana nusu ya jibu imo humuhumu. Kiswahili hakina njaa ya maneno ya kumsifu mtu anayejua kazi yake. Tuna bingwa, tuna gwiji, tuna nguli, tuna fundi, tuna nyota, vijana wanasema staa, na kila moja lina ladha yake. Bingwa ni aliyebobea mpaka kawapita wenzake, nguli ni yule wa miaka mingi ambaye jina lake likitajwa tu watu wanakaa vizuri kwenye viti, nyota iko juu inang'aa na watu wanainua macho kuitazama. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokuahidi kwamba mtu huyu ni mwema, au kwamba kuna mwenzake kapona kwa sababu yake. Shujaa ni neno la ukoo mwingine kabisa. Asili yake Kiarabu, maana yake mtu jasiri, asiyerudi nyuma mbele ya hatari, na Waswahili walivyolipokea wakalitungia methali: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio.

Hiyo methali mara nyingi tunaitumia kumwambia mtu asijitie kimbelembele, kwamba bora mwoga arudi kwake salama watu wacheke. Sawa. Ila ukiisoma taratibu utaona waliotunga walikuwa wanatueleza pia neno lenyewe, kwamba penye shujaa pana gharama, kuna mtu kalipa, na aliyelipa ni yeye. Sasa kwenye ile penalti nani kalipa? Mfungaji kapata bonasi, mkataba mpya unakuja, matangazo yanakuja, jina linapanda. Kilio kama kipo basi kipo kwa kipa aliyefungwa, na yeye hakuna anayemwita shujaa.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, na nakiweka wazi mapema ili mtu akitaka kukipinga ajue anapinga nini. Ili nimwite mtu shujaa nataka nione alikuwa na nafasi ya kukaa pembeni bila mtu kumlaumu na hakukaa, alichokitoa kilikuwa chake mwenyewe na kilimuuma, na faida yake ikaenda kwa mwingine. Kushinda mbio hakumo humo. Kuvunja rekodi hakumo. Hata kuvumilia maumivu peke yake hakumo, na hapo kwenye maumivu ndo nataka nikae kwa muda maana ndo neno shujaa linapoumizia watu.

Rudi Atlanta, Julai 1996, Michezo ya Olimpiki, fainali ya timu za wanawake kwenye jimnastiki. Kerri Strug wa Marekani, binti wa miaka 18, anaruka mara ya kwanza anaanguka vibaya, kifundo cha mguu kinaumia. Ana mruko wa pili. Hawezi kutembea vizuri, anachechemea, kocha wake anampigia kelele kwamba anaweza. Akakimbia, akaruka, akatua kwa miguu miwili, alafu papohapo akaunyanyua ule mguu mbovu akabaki amesimama kwa mmoja, akageuka kuwapa waamuzi saluti huku uso umekunjamana, halafu akaanguka kwa magoti. Kano za kifundo zilikuwa zimechanika. Kocha wake, Béla Károlyi, akambeba mikononi kwenda kuchukua medali, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima, shujaa, shujaa, shujaa.

Sasa fanya hesabu. Timu ilikuwa na alama za kutosha. Zilipokuja kujumlishwa zote ikaonekana Marekani ingechukua dhahabu hata kama yule binti asingeruka mara ya pili. Kwa sababu ya mguu ule hakuweza kuendelea na fainali zake binafsi alizokuwa amefuzu, na safari yake ya mashindano makubwa ikawa imeishia pale. Simlaumu yeye hata chembe, alikuwa ukumbini kwenye kelele, hesabu hakuwa nayo, na alikuwa na miaka 18 amelelewa kwenye mfumo ambao neno "naumia" halikuwa na pa kwenda. Ninaolaumu ni sisi tuliokuwa tunatazama, maana tulichukua jeraha la binti ambalo halikuhitajika tukalivalisha jina kubwa mpaka likaonekana kitu kizuri, na kila kocha mkali aliyekuja baada ya hapo akawa na picha ya kumwonyesha mtoto, unaona mwenzako?

Robo karne baadaye ikaja Tokyo, ile michezo ya 2020 iliyofanyika 2021. Simone Biles, bingwa wa mabingwa, kwenye mruko wake wa kwanza wa fainali ya timu akapotea hewani. Alitakiwa azunguke mara mbili na nusu akazunguka mara moja na nusu, mwili na akili vimeachana akiwa juu, hajui chini ni wapi. Wanajimnastiki wanaijua hiyo hali na wanaiogopa kuliko kitu chochote, kwa sababu anayetua kwa shingo anaweza asiinuke tena. Biles akatoka. Akasema siendelei, akawaacha wenzake wakamalizia, wakapata fedha. Na mvua ya matusi ikaanza, mwoga huyo, mbinafsi, kawasaliti wenzake, watu ambao maisha yao yote hawajawahi kujigeuza hewani hata mara moja.

Weka hao wawili pamoja uone neno linavyofanya kazi. Aliyeumia bila sababu ni shujaa, aliyekataa kuvunjika shingo ni mwoga. Tukifika hapo ina maana shujaa imegeuka kuwa bei tunayomlipa mwanamichezo ili aukabidhi mwili wake kwetu tufurahi dakika mbili, akikataa kuuza tunamnyang'anya. Na Biles kama unataka kumwita shujaa mimi sikukatalii, ila tafuta siku nyingine. Septemba 2021, miezi miwili hivi baada ya Tokyo, yeye na wenzake watatu walikaa mbele ya Baraza la Seneti la Marekani wakaeleza hadharani walivyodhalilishwa kingono na daktari wa timu, Larry Nassar, na jinsi wakubwa waliotakiwa kuwalinda walivyonyamaza. Alilia pale. Kusema vile kulimgharimu, na waliofaidika ni watoto ambao hata hawayajui majina ya hao wanne. Siku ile hakuwa na medali shingoni.

Upande wa pili wa hili jambo ni hatari zaidi, maana neno shujaa halina ndugu wa katikati. Ukimwita mtu bingwa akashindwa, basi kashindwa, ni bingwa aliyeshindwa, mwakani atajaribu tena. Ukimwita shujaa wa taifa akashindwa anakuwa nini? Anakuwa msaliti. Andrés Escobar, beki wa Kolombia, alijifunga goli kwenye Kombe la Dunia la 1994 dhidi ya Marekani, alikuwa ananyoosha mguu kuzuia krosi, mpira ukamgonga ukaingia. Timu ikatolewa. Tarehe 2 Julai mwaka huohuo akapigwa risasi Medellín akafa, ana miaka 27. Najua pale palikuwa na mambo mengine mengi, fedha, kamari, magenge ya nchi ile wakati ule, lakini mtu hauliwi baada ya kujifunga goli kama hakuna mahali ambapo goli limeshapewa uzito wa vita. Na huo uzito hautoki kwa wauaji peke yao, unaanza kwenye maneno ya kawaida kabisa ya watu wema kabisa, mapambano, jeshi letu, mashujaa wetu.

Kuna watakaoniambia hayo yote ni maneno tu, mwache mtu afurahi. Na wengine watakuja na hoja ambayo naiheshimu, kwamba wanamichezo wanatia moyo. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na mita 195 kule Vienna Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, hata kama haikuhesabiwa kama rekodi rasmi kwa sababu ya jinsi mbio zenyewe zilivyopangwa, watu walioangalia siku ile waliamka kesho yake wakavaa raba wakatoka kukimbia, wengine walikuwa hawajakimbia tangu shule. Ni kweli, na ni kitu kizuri sana. Lakini hiyo kazi ya kuwafanya watu wainue macho si ndo kazi ya nyota? Neno tunalo. Kipchoge kuitwa nguli wa mbio ndefu hakumpunguzii chochote, kunamweka palepale anapostahili, juu kabisa ya kazi yake, na kunamwachia nafasi ya kuchoka, kuzeeka, kushika nafasi ya chini siku mwili ukigoma, bila mtu kuona kaibiwa.

Alafu kutiwa moyo hakuthibitishi chochote kuhusu anayetia moyo. Hilo tulifundishwa kwa uchungu. Lance Armstrong alipona saratani, akarudi kwenye baiskeli, akachukua Tour de France mara saba mfululizo kuanzia 1999 mpaka 2005. Mamilioni ya watu walivaa mkononi ule mkanda wa njano wa taasisi yake ya saratani, na wagonjwa wa saratani duniani kote walipata nguvu kwa jina lake, nguvu za kweli, siwezi kuzidharau. Mwaka 2012 akanyang'anywa mataji yote saba kwa dawa za kuongeza nguvu, na Januari 2013 akakiri mwenyewe kwenye televisheni.

Wengi hiyo stori wanaikumbukia hapo kwenye kuanguka kwake. Mimi namkumbuka mtu mwingine wa mwaka uleule wa 1999. Christophe Bassons, Mfaransa, mwendesha baiskeli ambaye wenzake walikuwa wanamjua kama yule asiyetumia dawa. Mwaka mmoja nyuma, 1998, timu yake ilikuwa imekamatwa kwenye kashfa kubwa ya dawa, na wenzake walipohojiwa walisema wenyewe kwamba huyu alikataa. 1999 akarudi kwenye Tour, akawa anaandika gazetini kwamba bado mambo hayajabadilika, watu bado wanaenda kwa kasi isiyoelezeka. Wenzake wakaacha kumsalimia, hata wa timu yake. Hatua ya kupanda mlima kwenda Alpe d'Huez, Armstrong akiwa amevaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, akamsogelea hukuhuku wanaendesha akamwambia anachofanya kinaharibu mchezo, aondoke. Muda mfupi baadaye Bassons akafungasha akaondoka, hakuwa na mtu wa kusema naye. Miaka miwili mbele akaacha kabisa mashindano.

Kwenye barabara moja, mlima mmoja, siku moja, baiskeli mbili ziko ubavu kwa ubavu. Mmoja dunia inamwita shujaa, mwingine anaambiwa nenda kwenu. Ukikichukua kile kipimo nilichokiweka mwanzoni ukakitumia siku ileile, bila kusubiri miaka 13 ya uchunguzi, kinakupa jibu. Nani angeweza kunyamaza bila lawama? Nani analipa? Nani atafaidika, kama si vijana watakaokuja kuendesha baada yake bila kujidunga sindano? Tatizo letu macho yalikuwa kwenye jezi.

Na niseme kitu kingine hapo, kwamba sehemu ya mkanganyiko huu tumeiazima. Lile neno la Kizungu "hero" tunalolitafsiri shujaa limetoka kwa Wagiriki wa kale, na kwao halikuwa na maana ya mtu mwema. Wana simulizi ya bondia mmoja anaitwa Kleomedes wa Astypalaia, karne ya 5 kabla ya Kristo, alimuua mpinzani wake kwenye pambano kule Olympia, waamuzi wakamnyima ushindi, akarukwa na akili kwa uchungu. Akarudi kwao akaingia shule yenye watoto kama 60, akaivuta nguzo iliyoshikilia paa, paa likawaangukia. Watu walipomkimbiza na mawe akajificha kwenye sanduku ndani ya hekalu, walipolivunja hayumo. Wakaenda kuuliza kwa mungu wao Delphi, jibu likaja kwamba huyo ndiye wa mwisho wa mashujaa, mtoleeni sadaka. Mtu kaua watoto wa shule halafu watu wanamtolea sadaka, kwa sababu kwao neno lilimaanisha mtu mwenye nguvu za kupita kawaida, basi. Sisi hatukuwa na sababu ya kuuchukua mzigo huo. Shujaa wa Kiswahili anaulizwa alifanya nini kwa nani.

Turudi kwenye uwanja mmoja ambao kwangu una karibu kila kitu cha hii mada, Mexico City, Oktoba 1968. Tarehe 16, mita 200. Tommie Smith wa kwanza, rekodi ya dunia, sekunde 19.83. John Carlos wa tatu. Wamarekani weusi wote wawili, wamepanda jukwaani bila viatu, soksi nyeusi tu, wimbo wa taifa ulipoanza wakainamisha vichwa wakainua ngumi zenye glovu nyeusi kupinga ubaguzi wa rangi. Ukiangalia picha vizuri Smith kainua mkono wa kulia na Carlos wa kushoto, kwa sababu Carlos alisahau glovu zake ikabidi wagawane jozi moja. Wakafukuzwa kwenye kijiji cha wanamichezo, wakarudi nyumbani kwenye vitisho na ukosefu wa kazi. Yule mzungu aliyesimama mbele yao mshindi wa pili ni Peter Norman wa Australia. Hakuinua mkono, lakini aliomba apewe beji ileile waliyovaa wao, ya mradi wa kutetea haki za binadamu, akaibandika kifuani. Beji tu. Wengi wanasema nchi yake ilimtenga, na Olimpiki ya 1972 hakuwepo. Muda wake wa 20.06 ulibaki kuwa rekodi ya Australia mpaka Desemba 2024, miaka 56, hebu fikiria kasi aliyokuwa nayo mtu huyu na jinsi alivyoishia. Alipofariki 2006, Smith na Carlos walipanda ndege wakaenda kubeba jeneza lake. Bunge la Australia lilikuja kumwomba radhi 2012, hayupo.

Norman alikimbia vizuri siku ile, hilo lilimfanya nyota. Lile lingine lilichukua sekunde chache za kubandika beji.

Siku nne baadaye, tarehe 20, uwanja uleule, marathoni. Hapa kipimo changu na moyo wangu vinavutana na sitaki kuficha. John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani, goti likateguka, bega likajeruhiwa, akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Zaidi ya saa nzima baadaye, giza linaingia, watu wengi washaondoka, medali zishatolewa, akaingia mtu mmoja anachechemea, bandeji inapepea mguuni, akazunguka uwanja taratibu mpaka mstari. Saa 3:25:27, wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, na 18 walikuwa wamejitoa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Sasa nilishasema maumivu peke yake hayatoshi, nikamtolea mfano Strug. Mtu makini ataniuliza tofauti iko wapi, wote wawili mguu mbovu, wote wawili hapakuwa na kitu cha kushinda. Nimeifikiria sana. Tofauti ninayoiona ni kwamba Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30, peke yake barabarani, hakuna kocha anayempigia kelele, na kila mtu angemwelewa kama angepanda gari. Aliamua. Lakini kusema kweli hakumwokoa mtu yeyote, na kwa kipimo changu nikikibana vizuri, jina lake ni mtu wa ahadi, mwaminifu wa kutumwa, na hayo nayo ni majina makubwa kwetu sote. Mtu akimwita shujaa sitabishana naye. Ninachokataa ni mtu kumtumia Akhwari kumlazimisha kijana mwingine akimbie na goti lililoteguka. Alichokitoa alikitoa mwenyewe, hakukiacha kiwe deni kwa wengine.

Na kuna Muhammad Ali, ambaye lazima atajwe maana kila mjadala huu ukianza ndo jina la kwanza kutupwa mezani. Aprili 1967 alikataa kuingia jeshini kwenda Vietnam, akanyang'anywa mkanda, akanyimwa leseni, akahukumiwa miaka 5 jela na faini ya dola 10,000, japo jela hakukaa maana alikata rufaa. Miaka mitatu na nusu hakupigana, kuanzia miaka 25 mpaka karibu 29, yaani ile miaka yenyewe ya bondia. Juni 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu. Huo ni ushujaa, na ngumi hazimo. Lakini ni Ali huyohuyo aliyemdhalilisha bondia mwenzake Joe Frazier mbele ya dunia nzima, mpaka 1975 akawa anamwita sokwe, akawaambia watu weusi kwamba Frazier si mwenzao, wakati Frazier ndiye aliyemsaidia alipokuwa hana leseni. Frazier aliubeba ule uchungu miaka mingi sana. Mtu akishawekwa kwenye kabati la mashujaa inakuwa vigumu kuyasema haya mawili kwa pumzi moja, unaonekana unamchafua. Mimi naona neno likikaa kwenye kitendo badala ya kukaa kwenye mtu mzima, unaweza kusema 1967 alikuwa shujaa na 1975 alimuonea mwenzake, na yote yakabaki kweli.

Niwape wa mwisho, ambaye ningependa watoto wanaopenda michezo wamjue kabla ya hao wote. Shavarsh Karapetyan, Mwarmenia wa enzi za Muungano wa Kisovieti, mwogeleaji wa mapezi, ule mchezo wa kuogelea na pezi kubwa miguuni, sehemu kubwa chini ya maji. Bingwa wa dunia mara nyingi, rekodi za dunia juu ya rekodi. Tarehe 16 Septemba 1976 alikuwa anamaliza mbio za mazoezi na mdogo wake Kamo kandokando ya ziwa la bwawa mjini Yerevan, wakasikia mshindo. Basi la umeme limeacha barabara limetumbukia ndani na abiria 92, limezama kama mita 10 kwenda chini, mita 25 hivi kutoka ukingoni. Akavua akaingia. Maji yamejaa tope, haonekani mtu, akalipiga dirisha la nyuma kwa miguu likavunjika, vioo vikamchana, akaanza kuvuta watu. Anashuka, anapapasa, anashika mtu, anapanda naye anampa mdogo wake, anashuka tena. Makumi ya mara, kwenye maji ya baridi yenye maji taka. Watu 20 kati ya aliowatoa waliishi. Yeye akapata homa ya mapafu, vile vidonda vikaingiza sumu kwenye damu, akalazwa wiki nyingi, na mapafu yale ya bingwa hayakurudi kuwa yale. Haikuchukua muda mrefu safari yake ya mashindano ikaisha. Hapakuwa na kamera, na ilipita miaka kadhaa kabla gazeti halijaandika kwamba yule mtu wa bwawani ndiye bingwa wanayemjua.

Kuna mara moja kwenye kushuka kule, gizani, alishika kitu akajua ni mtu, akapanda nacho pumzi imeisha, kufika juu akakuta ni mto wa kiti cha basi. Alikuja kusimulia kwamba ule mto wa kiti aliendelea kuuota usiku, maana pumzi ile moja ingetosha kumtoa mtu.